Ngazi Sita za Mejumaa

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umefunguka na mvua. Maji yaliingia ofisini kwa chini ya mlango, nikapandisha majalada yote juu ya meza, na kabla sijamaliza kukausha sakafu Mwalimu Mkuu, Bwana Yazid, akaniita. Nilijua nimekosea usajili wa Gredi ya Saba.

Kumbe mwalimu wa Maarifa ya Jamii amepata kazi Doha na hatarudi. Gredi ya Nane ina mikondo miwili. Magharibi nitafundisha mimi, huku nikiendelea na ukarani. Mashariki atafundisha mwalimu wa muda anayefika kesho. Mwezi wa saba halmashauri ya shule itakuja kutazama vipindi vyetu, kisha imwajiri mmoja.

"Mmoja tu, Mona," alisema Bwana Yazid. "Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

Nina shahada ya ualimu. Kwa miaka miwili nimekaa nyuma ya dirisha la ofisi nikiwaandikia vikaratasi watoto waliochelewa. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema, "Inshallah," nikarudi kwenye sakafu yangu.

Jumanne, 29 Aprili

Mwalimu wa muda ni Mejumaa.

Tulisoma chuo kimoja. Nilimtambua kwa kicheko kabla sijamwona uso. Aliingia buibui limelowa hadi magotini, viatu mkononi; akaa ng'ambo ya kivuko, na ametembea kutoka Feri kwa sababu barabara imejaa maji. Akanikumbatia, nami nikalowa.

"Mona! Alhamdulillahi. Niliogopa nitakuta watu nisiowajua."

Alifurahi kweli. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nimefundisha kwa mara ya kwanza. Sauti ilinikauka, nikaamua kutoa imla. Watoto waliandika.

Jumatatu, 5 Mei

Shule yetu ni nyumba ya zamani iliyogeuzwa madarasa, na ngazi za mawe zapanda kutoka uani hadi ghorofani, ilipo ofisi. Leo asubuhi nimekuta vidato sita vya chini vimeandikwa kwa chaki: KUMBUKA. ELEWA. TUMIA. CHANGANUA. TATHMINI. BUNI.

Kila aliyepitia chuo cha ualimu azijua ngazi hizi. Mtoto huanza kwa kukumbuka jambo, kisha akalielewa, akalitumia mahali pengine, akalichanganua vipande vipande, akalipima kama lina maana au halina, na mwisho akabuni lake mwenyewe. Nilizikariri zote na maelezo yake. Katika mtihani wa mwaka wa pili nilipata alama za juu kuliko wote. Mejumaa alichanganya ya nne na ya tano. Nakumbuka kwa sababu tulipotoka nje aliniuliza ipi yatangulia, nami nikamjibu, naye akapiga paji la uso na kucheka.

Sasa yeye ndiye aliyeziandika kwenye mawe, nami ndiye ninayezikanyaga nikienda kufungua ofisi.

Jumanne, 6 Mei

Mada yetu sote wawili ni maji ya Mombasa. Mimi nimetoa imla: vyanzo, mabomba, visima, matumizi. Yeye amewaketisha watoto wake kwenye ngazi, wote chini. Apandaye kidato ni yule aliyeuliza swali la kidato hicho. Kelele zilifika mpaka ofisini. Nilitoka na majalada matupu mikononi ili nionekane nina safari, nikasimama juu na kusikiliza.

"Kwa nini kisima cha kwetu kina chumvi na cha msikitini hakina?" aliuliza mtoto mmoja.

"Sijui," alisema Mejumaa. "Tutajuaje?"

Alisema hajui, mbele ya darasa zima, bila kutetemeka. Mimi nikisema hivyo nitaanguka.

Mtoto aliyeuliza ni Jana, mdogo wangu.

Alhamisi, 8 Mei

Mdogo wangu Jana alikuwa akija kitandani kwangu na kazi zake za shule kila jioni. Wiki hii hajaja. Amepanga bilauri kwenye ukingo wa dirisha la chumba chetu. Atia maji ya kisima chetu, ayaacha yakauke, kisha atazama chumvi inayobaki. Kila wiki atajaza bilauri moja.

"Huyo mwalimu wenu wa ng'ambo awafunza kusoma ama kuvunja vyombo vyangu?" Mamaa aliuliza.

"Atufunza kuuliza, Mamaa."

"Kuuliza wajua tangu uzaliwe. Mngefunzwa kunyamaza, ningelipa karo kwa furaha."

Nilicheka kuliko ilivyostahili.

Jumanne, 13 Mei

Mvua imenyesha siku ya tisa na mabomba yamekauka. Sijui ni akili gani hiyo. Boza la buluu, lori la maji la Bwana Muhdhar, limekuja kujaza tangi la shule. Yeye ndiye mwenyekiti wa halmashauri na ndiye auzaye maji nusu ya mtaa huu. Boza halina jina ubavuni, na halihitaji. Nimesaini risiti.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeosha bilauri moja ya Jana. Nilikuwa nikisafisha chumba.

Sikuwa nikisafisha chumba.

Jumanne, 20 Mei

"Ya wiki ya pili haipo," alisema Jana. Hakuuliza nani. "Si kitu, niliichora." Kisha akamweleza Mamaa, si mimi, kwamba tangu mvua ianze alama ya chumvi yazidi kuwa nyembamba.

Ijumaa, 23 Mei

Bwana Yazid alisimama mlangoni pa Mashariki muda mrefu leo, akitabasamu. Mlangoni pangu alipita tu.

Nimeamua. Ikiwa ni ngazi wanazotaka, ngazi nitawapa. Nazijua kuliko yeye.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeandaa maswali ya ngazi zote sita na majibu yake yote. Ngazi ya tano ndiyo ngumu, kwa kuwa yataka maoni ya mtoto mwenyewe. Nimeandika maoni mazuri, yenye lugha safi: "Kwa maoni yangu binafsi, serikali na wananchi washirikiane kulinda vyanzo vya maji, kwa kuwa maji ni uhai." Nikawatolea imla. Waliandika kwa hati nzuri, wakapigia mstari kwa rula. Hadeel, ambaye ni msafi kuliko wote, ametumia kalamu nyekundu kwa neno *binafsi*.

Ijumaa, 30 Mei

Jaribio la pamoja. Nimesahihisha na kupiga chapa matokeo. Magharibi imeipita Mashariki kwa mbali. Nimefurahi mpaka nikaona haya.

Mejumaa alisoma karatasi ubaoni, akaja dirishani kwangu. "Mona, wako wametushinda! Wanikumbusha wewe chuoni. Hebu nambie, wawafanyaje wasisahau?"

Hakuna kitu kinachochosha kama kumwonea wivu mtu asiyekuonea.

"Wanasoma," nikamwambia.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa, sikukuu ya mfungo tatu. Sikumwalika. Jana ndiye aliyemwalika.

Alikuja na bakuli la viazi vya nazi kutoka kwao, akamsalimia Mamaa kwa kirefu, habari za afya, za nyumba, za waliosafiri na waliobaki, hata Mamaa aliyejiandaa kununa akamtolea sahani za wageni. Kisha Jana akamvuta mkono hadi dirishani, akamwonyesha bilauri moja moja. Mejumaa aliinama, akatazama kila moja kama anayetazama pete za dhahabu.

"Na hili pengo?" akauliza.

"Iliyokuwa hapo ilioshwa," alisema Jana.

Mejumaa hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Alipoondoka Mamaa akanigeukia. "Mbona hukunambia kuwa ana adabu namna hii?"

Jumatano, 11 Juni

Kombe ndiye aliyeongoza lile jaribio, na ni wa mkondo wangu. Nilimkuta uani akikinga mikono chini ya mlizamu unaoshusha maji ya paani. Mvua ilikuwa kubwa. Sijui nini kilinituma nimuulize.

"Kombe, visima vya kisiwani vina chumvi kwa nini?"

Akasimama wima, macho juu. "Visima vya kisiwani huwa na chumvi kwa sababu maji ya bahari hupenya chini ya ardhi."

"Vizuri. Na sasa, mvua ikinyesha hivi, chumvi itazidi au itapungua?"

Alinitazama, maji yakimtiririka mikononi.

"Hilo hatujapewa, mwalimu."

Alhamisi, 12 Juni

Nimewapa. "Mvua ikinyesha chumvi hupungua." Wameandika.

Jumanne, 24 Juni

Mvua yaelekea kwisha. Chaki ya ngazini, ambayo ilikuwa ikifutwa na kila mtiririko na kuandikwa upya kila asubuhi, sasa hudumu wiki nzima. Watoto wa Mashariki hawaandikiwi tena na Mejumaa. Huandika wenyewe, wakigombania BUNI. Mmoja wangu, Hadeel, nilimwona amesimama kando akiwatazama, mkoba mgongoni. Nilipomkaribia akaondoka haraka. Naijua ile namna ya kutazama. Ndiyo niifanyayo kutoka dirisha la ofisi.

Jumatano, 2 Julai

Upepo wa kusi umeshika, asubuhi kuna baridi. Mejumaa ameomba tuunganishe vipindi mara moja kwa wiki. "Wako wana kumbukumbu, wangu wana midomo. Tuwachanganye, bibie, tupate watu kamili." Nikasema nina kazi nyingi ofisini. Alitazama meza yangu. Juu yake palikuwa na kikombe tu.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika haya polepole.

Mejumaa alileta karatasi yake ya maswali nimtolee nakala kwa ajili ya wiki ijayo, siku ya halmashauri. Niliyasoma mashine ikipata moto. Kwenye TATHMINI ameandika: *Bomba likikauka, nani huumia na nani hufaidika? Nani basi astahili kuamua maji yapite wapi?*

"Waonaje?" akaniuliza. "Usinifiche."

Hajawahi kumwona Bwana Muhdhar. Akaa ng'ambo, boza likija huwa yumo darasani. Kwake yeye mwenyekiti ni jina tu katika barua. Ilikuwa ni kusema maneno machache. Niliyahisi mdomoni. Kisha nikaona jinsi alivyoegemea dirisha langu, kiwiko ndani ya ofisi, kama mtu aliye kwao.

"Swali zuri," nikasema.

"Wallahi? Basi nimetulia. Wewe ndiye ujuaye hizi ngazi."

Ijumaa, 11 Julai

Bado kuna muda wa kumwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Bado kuna muda.

Jumatano, 16 Julai

Nimewasomesha Magharibi majibu yote mara mbili. Kesho.

Alhamisi, 17 Julai

Walikuja watano baada ya mapumziko ya chai. Bwana Muhdhar mbele, kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, akisalimia kila mtu kwa jina la babake. Walianza kwangu.

Niliuliza, wakajibu. Vyanzo vya maji: wote walinyoosha mikono. Kwa nini visima vina chumvi: sawasawa. Bwana Yazid alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Bwana Muhdhar akainua kidole. "Niruhusu, mwalimu." Hakuna aliyewahi kuniita mwalimu kwa sauti ile. "Wewe, kijana. Kwa maoni yako, shida ya maji itatuliweje?"

Kombe akasimama. "Kwa maoni yangu binafsi, serikali na wananchi washirikiane kulinda vyanzo vya maji, kwa kuwa maji ni uhai."

"Ahsante. Nawe, binti?"

Hadeel akasimama. "Kwa maoni yangu binafsi, serikali na wananchi washirikiane kulinda vyanzo vya maji, kwa kuwa maji ni uhai." Neno *binafsi* alilikazia, kama alivyoliandika.

Akamwita wa tatu. Wa tatu akasema yaleyale, akapumua palepale walipopumua wenzake. Wa nne hakungoja kuitwa.

Nikasubiri kicheko. Bwana Muhdhar aliwageukia wenzake. "Mashallah," akasema. "Mwaona? Watoto wana kauli moja. Siku hizi hata ndugu wa tumbo moja hawapatani hivi."

Wakapiga makofi. Nilipiga nami, sijui kwa nini.

Kisha Mashariki. Mejumaa aliwatolea viti uani, watoto kwenye ngazi. Alianza chini, na kwa muda nilisahau kuogopa. Walibishana kama wachuuzi wa samaki, lakini kila mmoja akijibu alichosema mwenzake. Mmoja alisema mabomba yapasuka kwa uzee. Mwingine akamwambia basi mbona mtaa wa pili hayapasuki? Walikuwa wamepima paa la shule kwa kamba na kubuni mlizamu wa kujaza tangi wakati wa masika. Bwana Muhdhar aliuliza urefu wa kamba, wakamjibu.

Mejumaa akasoma swali la tano.

Jana alisimama kwenye kidato cha TATHMINI. Yeye alijua boza ni la nani. Nilimwona akikaza mtandio wake.

"Samahani, Bwana mwenyekiti. Kwa heshima zote. Bomba likikauka, wewe wauza. Hata tangi hili la shule wajaza wewe. Sisemi wafanya vibaya, kwani bila maboza yako tungekunywa chumvi, nimeipima. Nasema tu, wanapokaa watu kuamua maji yapite wapi, mwenye boza asiwe miongoni mwao."

Kunguru alilia kwenye paa walilolipima watoto.

Mejumaa alimtazama Jana, akamtazama mzee, na nikaona alipoelewa. Kisha akanitazama mimi, juu, kwenye mlango wa ofisi. Kitambo kidogo tu. Akamrudia mtoto na kumwambia, "Umetoa sababu. Vizuri. Nani ana sababu ya kumpinga?"

"Binti wa nani huyu?" aliuliza Bwana Muhdhar.

Bwana Yazid akakohoa. "Ni mdogo wake karani wetu, Bi Mona."

"Ahaa." Mzee akainuka, akajikung'uta kanzu isiyo na vumbi. "Basi si kosa lake. Amefunzwa."

Ijumaa, 18 Julai

Nimeajiriwa.

Mamaa amepika halua, akagawia majirani.

Jumamosi, 19 Julai

Bilauri zote zimerudi kabatini. Zimeoshwa.

Jumatatu, 21 Julai

Mejumaa alikuja kurudisha vitabu. Nilimwandikia kila kimoja, nikijaribu kutoinua macho. Alingoja nimalize.

"Ulijua boza ni lake?"

"Watu wote wa huku wajua," nikasema.

"Mimi si wa huku, Mona."

Alikusanya mkoba wake. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo na hakutaka nifaidi kuiona.

"Ningeliuliza vilevile," akasema. "Lakini ningewaambia watoto kwanza ni nani atakayeketi mbele yao. Wangechagua wenyewe wa kusema. Mdogo wako Jana aliweza kulala usiku ule?"

"Alilala."

"Alhamdulillahi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi." Alifika mlangoni akageuka. "Magharibi ni watoto wazuri. Wana vichwa. Wape nafasi."

Nilimsikia akishuka ngazi, kidato kwa kidato. Kwenye kimoja alisimama. Nadhani alichungulia kama chaki ingalipo. Shule moja ya Likoni imemwita, nasikia. Wamemwita bila kumtazama kipindi.

Nilidhani wivu hukoma mtu akiondoka. Umehamia tu.

Jumanne, 22 Julai

Bwana Yazid ameagiza ngazi zisuguliwe. Zimesuguliwa kwa sabuni. Mawe yana vinyweleo. Maandishi bado yaonekana kwa ubavu, jua likiwa chini.

Alhamisi, 24 Julai

Jana ananijibu nikimsemesha. "Naam." "La." "Sijui." Aniambia sijui kama mtu anayefunga mlango.

Jumatatu, 28 Julai

Wiki ya mwisho. Mikondo imeunganishwa chini yangu, na hakuna chumba kinachowatosha, kwa hivyo Bwana Yazid alisema niwaketishe uani. Uani maana yake ni ngazini. Mashariki walipanda bila kuambiwa. Magharibi walikaa chini kabisa na madaftari magotini.

Nilikuwa na karatasi mkononi, swali na jibu lake, nimeyapiga chapa Ijumaa. Swali lilikuwa juu ya ule mlizamu wa paani: je, shule iujenge? Jibu langu lilikuwa na sababu tatu na lilianza kwa "Kwa maoni yangu."

Nikasoma swali. Nilipofika kwenye jibu niliona viti vilivyoachwa uani tangu siku ile, kile cha Bwana Muhdhar katikati, na nikawa nasikia sauti yake ikisema watoto wana kauli moja. Nikakunja karatasi.

"Mwaonaje?" nikauliza. Ni neno la Mejumaa. Hata nilichothubutu kusema nimekichukua kwake.

Mikono ya Mashariki ilianza kupanda. Ya Magharibi ilikwenda kwenye kalamu. Nusu nzima ya darasa iliinamisha vichwa, kalamu juu ya karatasi, wakingoja. Nami nikangoja. Kalamu hazikushuka.

Mwishowe Hadeel aliinua uso, ile kalamu nyekundu mkononi. Aliuliza kwa adabu, kama amwombaye mtu chumvi mezani.

"Mwalimu, maoni yetu ni yapi?"

Hakuna aliyecheka, hata wa Mashariki. Juu yao Jana alinigeukia. Tangu mwezi wa tano hajanitazama hivyo, uso wazi, akingoja nitakalosema. Nimekuwa nikiutaka uso ule kiasi cha kumnyima mtu riziki yake. Nimeupata leo, na karatasi iko mkononi.

"Sijui," nikasema. Sikuanguka.

Hadeel alitazama kalamu yake, akanitazama mimi. Kisha, polepole, kama mtu asiyeamini kwamba yaruhusiwa, akaifunika kifuniko.